Shajara ya mradi: krimu nusu uso

Kabla ya kuanza

Swali la mradi ni moja: krimu ya kupaka inapunguza makunyanzi ya uso kweli, au inapunguza pesa tu? Anayejaribiwa ni dada yangu mkubwa, aliyevuka hamsini, mtu wa kucheka sana na kwa hiyo mwenye mistari mingi pembeni mwa macho. Mimi napiga picha na kuweka kumbukumbu. Daktari wa ngozi amemwandikia tretinoini ya asilimia 0.025 na ameturuhusu tuipake upande wa kulia pekee kwa miezi sita. Upande wa kushoto unapata krimu ya kawaida ya kulainisha ngozi, isiyo na dawa. Kila asubuhi uso mzima unapakwa krimu ya kukinga jua. Mengine yote yanabaki kama yalivyokuwa.

Tretinoini imechaguliwa kwa sababu hakuna cha kupaka kingine chenye ushahidi mrefu kama wake. Ni asidi itokanayo na vitamini A, na ilianza kama dawa ya chunusi: Marekani iliiruhusu kwa kazi hiyo mwaka 1971. Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliwasikia wagonjwa wake wenye umri mkubwa wakisema ngozi imekuwa nyororo, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya kuipaka kwenye ngozi iliyozeeshwa na jua. (Kligman ni yuleyule aliyefanyia majaribio ya ngozi wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia. Naliandika hili ili jina lake lisipite hapa likiwa safi kuliko lilivyo.)

Mwaka 1988 timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ilikuja na jaribio lenye nidhamu zaidi. Watu 30, wiki 16, mkono mmoja ukipakwa dawa na wa pili krimu tupu. Mikono yote 30 iliyopakwa dawa ilionekana kupata nafuu, na kati ya watu 15 walioipaka usoni, 14 waliboreka. Mradi wetu umeazima mpangilio huo wa pande mbili za mtu mmoja. Faida yake ni kwamba Dada analala usingizi uleule, anakunywa maji yaleyale na ana umri uleule kulia na kushoto.

Upande wa kupaka dawa tuliuchagua kwa kurusha sarafu. Dada alitaka kushoto, kwa sababu ndiko makunyanzi yalikozidi, na sababu yake inajulikana: kazini ameketi miaka mingi na dirisha kushoto kwake. Sarafu ikasema kulia. Alinuna, lakini ndiyo maana ya kurusha sarafu.

Maandalizi ya picha

Hii sehemu imenichukua muda kuliko nilivyotarajia, na sasa naona ndiyo mradi wenyewe.

Kunyanzi ni bonde dogo kwenye ngozi. Tunaliona kwa sababu ukingo mmoja unapata mwanga na mwingine unabaki kivulini. Ukiweka taa mbele ya uso moja kwa moja, kivuli kinakufa na kunyanzi linakufa nalo. Ukiweka taa ubavuni, hata mstari mwembamba unageuka mfereji. Nilimpiga Dada picha mbili papo hapo, sikubadili kitu ila mahali pa taa, na mtu asiyejua angeweza kuapa kwamba miaka kadhaa imepita kati ya hizo mbili. Krimu ilikuwa bado haijafunguliwa.

Kwa hiyo masharti ni haya. Taa ni moja, iko ubavuni, na alama ya utepe sakafuni inaonyesha miguu ya kiti na ya taa ikae wapi. Mapazia yamefungwa. Kamera ya simu imezimwa vipodozi vyake vyote, maana simu nyingi hulainisha ngozi hata kabla hujaombwa ruhusa. Uso unaoshwa, unapanguswa, unaachwa ukauke, haupakwi chochote. Picha ni za jioni, kwa sababu asubuhi uso huwa umevimba kidogo kutokana na kulala, na uvimbe hujaza mistari. Hakuna kutabasamu, hakuna kukunja paji la uso. Hili la mwisho lilimshinda Dada mwanzoni. Ukimwambia mtu asicheke, ndipo anapocheka.

Kila upande una picha mbili: moja ya shavu zima, na moja ya karibu sana ya pembe ya jicho, pale penye mistari mitatu mikubwa na kundi la midogo inayokatizana chini yake. Hiyo midogo ndiyo nitakayoifuatilia kwa makini. Ile mitatu mikubwa siitegemei sana, maana inatokana na msuli unaozunguka jicho kujikunja kila anapocheka, na hakuna krimu inayomfundisha msuli adabu. Kwa mikunjo ya misuli wapo wanaochoma sindano za sumu ya botulini, ambazo Marekani iliziidhinisha mwaka 2002 kwa mistari ya katikati ya nyusi. Hilo si la mradi huu.

Wiki za mwanzo

Utaratibu wa usiku: kunawa, kusubiri ngozi ikauke kabisa, kisha dawa kiasi cha nusu ya punje ya njegere upande wa kulia. Siku za mwanzo anapaka mara moja baada ya siku mbili, ili ngozi izoee. Inapakwa usiku kwa sababu mwanga wa jua huiharibu.

Ngozi haikuzoea kwa furaha. Kulia kumekuwa kwekundu, kunachoma akinawa, na pembeni mwa mdomo kunabanduka vigamba. "Mdogo wangu, dawa hii inaondoa makunyanzi au inaondoa uso wenyewe?" Nilimwambia hali hiyo imeandikwa kwenye maelezo ya dawa, na daktari alishatuonya. Hakuridhika, lakini aliendelea.

Jambo la kuweka kumbukumbu hapa ni la kitaalamu zaidi kuliko malalamiko. Majaribio mazuri ya dawa hufanywa kwa kificho: anayepaka hajui kapewa nini, anayepima hajui kapaka nini. Kwa tretinoini kificho hicho kina tundu. Ngozi ikianza kubabuka, mgonjwa anajua, na daktari anayemtazama naye anajua. Ndiyo maana sikuhangaika kumficha Dada. Badala yake nitawaficha waamuzi: mwishoni picha zitapelekwa kwa watu wasioijua ratiba, bila tarehe.

Onyo ambalo daktari alilirudia, na ninaliandika kwa ajili ya yeyote anayesoma: dawa za ukoo huu hazitumiwi na mjamzito wala anayetafuta mtoto. Na kwa ngozi nyeusi kama yetu, muwasho haupiti hivihivi. Ngozi ikiungua inaacha baka jeusi linaloweza kukaa miezi. Kwa hiyo kupaka nyingi ili kuharakisha ni kujitafutia tatizo la pili.

Mwezi wa pili

Vigamba vimepungua. Sasa anapaka usiku mmoja na kuacha mmoja.

Dada anasema kulia kumenyooka. Picha za shavu zinaelekea kumkubalia, lakini mimi sizikubali bado. Wekundu huja na uvimbe mdogo, na uvimbe hujaza mistari kwa muda. Haya ni matokeo ya ngozi iliyokasirika. Nimeandika "haijathibitika" na kuzungushia duara.

Siku hiyohiyo nilifanya jaribio dogo la pembeni, na ndilo ningependa kila mnunuzi alione kwa macho yake. Nilipiga pembe ya jicho la kushoto ikiwa kavu. Kisha Dada akapaka ile krimu ya kawaida ya kulainisha, tukaongea mawili matatu, nikapiga tena. Kwenye picha ya kwanza mistari midogo inahesabika, inakatizana, na ngozi kati yake ina weupe wa ukavu. Kwenye ya pili mingi imetoweka. Ile mitatu mikubwa ipo, ila kingo zake zimekuwa laini.

Hakuna kilichopona hapo. Tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokufa, limefyonza maji likatutumka, na mistari iliyotokana na ukavu ikajazwa. Ukinawa na kulala bila kupaka, inarudi. Krimu nyingine huongeza silikoni inayojaza mabonde na kutawanya mwanga, au utando unaokaza ngozi ukikauka. Si ulaghai kwa maana kali, kwa sababu kweli uso unapendeza jioni hiyo. Lakini picha ya "kabla na baada" inaweza kupatikana bila kungoja hata chai ipoe.

Pembeni ya mradi: rafu ya Dada

Dada ana vichupa vingi vya zamani na aliniomba nivipitie. Nilisoma orodha za viambato kwenye lebo, maana mbele ya kopo hakusomeki kitu ila ahadi. Yeye mwenyewe alipoona nimekunja uso akasema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Cha kwanza ni krimu ya kolajeni. Kolajeni ndiyo nyuzi zinazoshikilia ngozi ya ndani, na ni kweli kwamba kupungua na kukatika kwake ndiko kunakozaa makunyanzi. Lakini kuipaka juu hakuirudishi ndani. Wataalamu wa dawa za ngozi wana kanuni ya takriban: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) haipenyi ngozi nzima kirahisi. Kolajeni ina kama daltoni 300,000. Ni ngamia na tundu la sindano. Inachofanya juu ni kushika maji, kazi ambayo krimu ya kawaida inaifanya kwa bei ya chini. Tretinoini ina daltoni 300 tu, ndiyo maana inafika.

Asidi ya hailuroni, hadithi ni karibu ileile kwa zile kubwa: inashika maji vizuri, inajaza mistari ya ukavu, basi.

Vitamini C ina msingi wa kisayansi, ni ndogo na ngozi inaihitaji kutengeneza kolajeni. Shida yake ni ubishi wa maabara: inapenya ikiwa kwenye kimiminika chenye asidi kali, chini ya 3.5 kwenye kipimo cha asidi cha pH, na huharibika ikikutana na hewa na mwanga. Cha Dada kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawia. Kimetupwa. Niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, ya asilimia 5 imewahi kuonyesha nafuu ndogo kwenye mistari midogo, na ngozi nyingi huivumilia. Hiyo nimemwambia aitunze. Peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, siziwekei neno zito, ushahidi mwingi ni wa majaribio madogo.

Retinoli ndiyo iliyonishughulisha zaidi, kwa kuwa ni ndugu wa dawa yetu na inauzwa bila cheti. Ngozi yenyewe huigeuza hatua kwa hatua, kwanza retinaldehaidi, kisha asidi ya retinoiki, ambayo ndiyo tretinoini. Kila hatua inapoteza nguvu, kwa hiyo retinoli ni dhaifu zaidi, lakini pia haichomi sana. Na inafanya kazi: jaribio lililochapishwa mwaka 2007 liliwapaka wazee wa wastani wa miaka 87 losheni ya retinoli ya asilimia 0.4 kwenye mkono mmoja kwa wiki 24, na mistari midogo ya mkono huo ikapungua kuliko ya mkono wa pili. Umri wa miaka 87! Hilo pekee linatosha kunyamazisha maneno ya "umeshachelewa." Umoja wa Ulaya, mwaka 2024, umeweka kikomo cha asilimia 0.3 ya retinoli kwa vipodozi vya uso, kwa sababu ya jumla ya vitamini A ambayo mtu anaipata mwilini kutoka sehemu mbalimbali.

Kimoja kimenitia hofu. Ni kopo lisilo na orodha ya viambato hata moja, alilopewa na mtu aliyelisifia kwamba linalainisha uso ndani ya siku chache. Ngozi inayong'aa haraka namna hiyo mara nyingi imepakwa steroidi, na steroidi ikitumika muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa ikaonekana, na makunyanzi yakaja mapema kuliko yangekuja. Wengine huchanganya zebaki. Kopo lisilosema lina nini halipaswi kugusa uso wa mtu, na sina mjadala kwa hilo.

Mwezi wa nne

Wekundu umekwisha, kwa hiyo picha sasa zina maana. Dawa anapaka kila usiku.

Kundi la mistari midogo kulia limeanza kupoteza kingo. Nimelinganisha picha ya karibu ya sasa na ya mwanzo: kuna mistari miwili iliyokuwa inakatizana kama alama ya X chini ya ile mitatu, na mguu mmoja wa X hiyo hauonekani tena hata taa ikiwa ubavuni. Mitatu mikubwa iko palepale. Kuna madoa ya jua juu ya shavu ambayo yamefifia, na kusema kweli hayo ndiyo yanayofanya uso uonekane mchanga zaidi kuliko kunyanzi lolote lililopungua.

Muda huu unalingana na biolojia yake. Miezi ya mwanzo dawa hubadilisha ngozi ya juu: tabaka la seli zilizokufa linabana, seli hai chini yake zinaongezeka. Kolajeni inakuja polepole baadaye. Utafiti wa mwaka 1993 ulichukua vipande vya ngozi vya watu waliotumia tretinoini kwa miezi 10 hadi 12, ukakuta utengenezaji wa kolajeni ya aina ya kwanza umepanda kwa asilimia 80, huku kwa waliopaka krimu tupu umeshuka kwa asilimia 14. Asilimia 80 inasikika kubwa, lakini ni ya kitu kilichokuwa kimeshaporomoka kwa jua. Usoni inaonekana kama mguu mmoja wa X.

Kushoto nako kumeboreka kidogo. Nilitegemea hivyo. Kuna krimu ya kulainisha, na kuna ya kukinga jua, zote mbili zikipakwa kwa nidhamu ambayo Dada hakuwahi kuwa nayo. Watu wakiwekwa kwenye jaribio huanza kujitunza. Mfano mzuri ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester uliochapishwa 2009 kuhusu kipodozi cha dukani, watu 60. Baada ya miezi sita, asilimia 43 ya waliotumia kipodozi walionekana kuboreka, na asilimia 22 ya waliotumia krimu tupu waliboreka pia. Magazeti yalishangilia ile 43. Mtaalamu wa takwimu aliyeupitia upya alionyesha kwamba tofauti kati ya makundi hayo mawili, kwa idadi hiyo ya watu, haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati. Tangu nisome hilo, kila tangazo la asilimia nalisoma nikiuliza krimu tupu ilipata ngapi. Mara nyingi haikuwepo.

Mwezi wa tano

Hakuna jipya kwenye picha. Nautumia mwezi huu kuandika kuhusu jua, kwa sababu Dada ameanza kuona krimu ya asubuhi ni usumbufu.

Miale ya urujuanimno ya aina ya A hufika ngozi ya ndani na kuamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni. Inapita kwenye kioo cha dirisha. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28: shavu lake la upande wa dirisha lina mikunjo mizito na limelegea, la pili ni la mtu mwingine kabisa. Nilimwonyesha Dada picha hiyo, akaitazama, akagusa shavu lake la kushoto. Tangu siku hiyo sijamkumbusha tena krimu ya asubuhi.

Weusi wa ngozi unasaidia. Utafiti wa 1979 ulikadiria kwamba ngozi ya juu ya watu weusi inakinga jua kwa kiwango cha 13.4 (ni SPF, kipimo kilekile cha krimu za jua), dhidi ya 3.4 kwa weupe. Makunyanzi kwetu huchelewa. Lakini vipimo hivyo ni vya miale ya aina ya B, inayounguza. Ya aina ya A ina njia yake, na shavu la Dada la upande wa dirisha ni shahidi.

Ushahidi mzito zaidi wa krimu yoyote dhidi ya kuzeeka kwa ngozi unatoka Nambour, Australia. Watu 903 wenye umri chini ya miaka 55 walifuatiliwa kuanzia 1992 hadi 1996. Waliopangiwa kupaka krimu ya jua ya kiwango cha 15 kila siku, ngozi zao zilikuwa na dalili za kuzeeka pungufu kwa asilimia 24 kuliko za waliopaka kwa hiari yao. Hakuna kilichofutwa hapo, kimezuiwa tu. Ndiyo maana haiuziki kwa picha za kabla na baada.

Mwezi wa sita, matokeo

Waamuzi walipewa jozi za picha, ya mwanzo na ya sasa, zimechanganywa bila tarehe, wakaambiwa wachague ipi ina mistari michache. Kwa picha za karibu za upande wa kulia, wengi walichagua ya sasa bila kusita. Kwa kushoto waligawanyika, waliochagua ya sasa wakizidi kidogo. Kwa picha za shavu zima, kutoka mbali kidogo, hata kulia waligawanyika. Mwamuzi mmoja aliuliza kama tumempa picha ileile mara mbili.

Kwa hiyo jibu la mradi kwa uso huu: tretinoini imepunguza makunyanzi madogo, kwa kiasi kinachoonekana ukisogea karibu. Mistari ya kicheko na mifereji inayoshuka toka puani hadi pembe za mdomo haijaguswa. Ni jambo lilelile lililoandikwa kwenye maelezo ya krimu ya tretinoini ya asilimia 0.05, iliyokuwa ya kwanza kuidhinishwa na Marekani kwa makunyanzi madogo mwaka 1995: haiondoi makunyanzi wala hairejeshi ngozi ya ujana, na itumike pamoja na kujikinga na jua. Watengenezaji wa dawa hulazimishwa kuandika hivyo. Wa vipodozi wana uhuru zaidi wa maneno, mradi wasidai kubadili umbile la ngozi. Ndiyo maana kopo husema "mwonekano wa makunyanzi" na kukwepa makunyanzi yenyewe.

Mapungufu ni mengi: mtu mmoja, pande mbili ambazo hazikuanza sawa, miezi sita tu, na mpiga picha anayempenda anayempiga.

Hatua inayofuata

Dada ameamua kupaka pande zote mbili, kwa ruhusa ya daktari, akianza kushoto taratibu kama tulivyoanza kulia. Anajua akiacha, faida itapungua polepole. Alama za utepe sakafuni zinabaki. Picha zitaendelea mara moja kwa mwezi, na safari hii ninachotaka kuona ni kama kushoto kutafika kulia au kutabaki nyuma kwa sababu ya lile dirisha. Kiti cha kazini ameshaomba kihamishwe.